Eksirei, CT, damu au bronkoskopi: kipimo kipi kianze fangasi inaposhukiwa mapafuni baada ya kupandikizwa uloto

Mama alisimama mlangoni mwa chumba cha CT, chupa ya uji kaibana kwapani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, kisha akaniuliza kilichomleta. "Dokta, jana si mlimpiga picha mkasema kifua kisafi? Leo mnampiga tena ya nini?"

Mwanawe alikuwa siku ya 12 tangu apandikizwe uloto, ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Homa ilikuwa imeingia siku ya tano, nyuzijoto 38.9, antibayotiki mbili zinaingia mshipani, na nyutrofili zake, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, hazifiki hata 100 katika maikrolita moja ya damu. Nikamwambia, "Mama, ya jana ilikuwa eksirei. Ile inatazama kifua chote kwa mkupuo mmoja. Hii inakikata vipande vyembamba kama mkate wa slesi, halafu tunakitazama slesi moja moja." Akakubali, lakini usoni niliona bado anahesabu pesa.

Dakika kumi baadaye nilikuwa napandisha na kushusha vipande kwenye skrini. Pafu la kushoto, safi. Pafu la kulia juu, safi. Nikashuka hadi chini kabisa, pale pafu linapoukumbatia mgongo wa ini, nikakutana nacho: kinundu kigumu cha ukubwa wa punje ya harage, kimezungukwa pande zote na weupe hafifu, mithili ya mwezi uliozingirwa na duara usiku wenye mawingu mepesi. Nikaifungua eksirei ya jana pembeni yake. Mahali pale pale palikuwa na kivuli cha ini na kiwambo cha tumbo, basi. Hata sasa nikijua pa kutazama, sikukiona. Aliyeisoma jana hakukosea. Kipimo chenyewe ndicho kisichofika pale.

Swali la yule mama ndilo daktari wa wodini hujiuliza kila anaposhika fomu ya vipimo. Kuna eksirei, kuna CT, kuna kipimo cha damu cha kutafuta chembechembe za fangasi, kuna bronkoskopi, mrija wenye kamera unaoingizwa kwenye njia ya hewa ili kuosha pafu na kuchukua maji yake. Kila kimoja kina bei, kina hatari yake, na kina kitu kinachojua kukijibu. Msimamo wangu nautanguliza: kinachoamua uchaguzi huu ni siku. Mgonjwa yuko siku ya ngapi tangu apandikizwe, na homa iko siku ya ngapi. Kipimo kizuri kikifanyika kwa kuchelewa siku nne kinaweza kukupa picha ambayo haikusaidii tena.

Mgonjwa yuko wapi kwenye kalenda

Si kila upandikizaji una hatari moja. Hapa Tanzania, Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, ikaanza na wagonjwa wa saratani ya mayeloma wanaorudishiwa chembe zao wenyewe za kutengeneza damu. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, wanaopewa uloto wa ndugu zao. Wengine wengi bado huenda India, kisha hurudi nyumbani na faili nene na mfuko wa dawa. Makundi haya ukiyachanganya, utachagua kipimo vibaya.

Anayerudishiwa chembe zake mwenyewe hukaa bila kinga kwa muda mfupi. Mara nyingi nyutrofili huanza kupanda ndani ya wiki mbili hivi. Anayepokea kutoka kwa mtu mwingine hukaa wiki mbili hadi nne, na baada ya hapo bado anaweza kupatwa na ule ugonjwa wa uloto mpya kumshambulia mwenyeji wake, unaotibiwa kwa steroidi nyingi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili. Kwa hiyo fangasi ina misimu miwili ya kuingia. Msimu wa kwanza ni ule wa nyutrofili kuwa chini ya 500, hasa zikikaa hivyo zaidi ya siku kumi. Msimu wa pili huja miezi kadhaa baadaye, mgonjwa yuko nyumbani, hesabu ya damu inapendeza, kumbe steroidi zimeshaulaza ulinzi wake.

Nasisitiza msimu wa pili kwa sababu huku kwetu ndio unaopotea. Mgonjwa karudi kutoka ng'ambo, ana kikohozi na kahoma kadogo, anakwenda kituo kilicho karibu, anapigwa eksirei, anapewa antibayotiki za siku saba. Hakuna aliyeuliza anatumia steroidi miligramu ngapi. Ndugu unayemuuguza, hilo ni la kulisema wewe kabla hujaulizwa.

Eksirei na CT, ana kwa ana

Eksirei ina sifa zake na sitaidharau. Ipo karibu kila hospitali, bei yake ni ndogo, inaweza kusukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa asiyeweza kutoka chumbani, na mionzi yake ni takriban milisiveti 0.1 au pungufu. Inaonyesha mirija imekaa wapi, kama kuna maji mengi kwenye kifua, kama pafu limebonyea. Kwa kazi hizo iagize bila wasiwasi.

Kwa kutafuta fangasi changa kwa mtu asiye na nyutrofili, hapo ndipo inaposhindwa, na inashindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya jiometri: moyo, ini, mbavu na mishipa mikubwa vyote vinabandikwa juu ya mapafu kwenye picha moja, na kinundu cha sentimita moja kinajificha nyuma yao. Ya pili watu huisahau. Weupe tunaouona kwenye eksirei ya nimonia ya kawaida kwa sehemu kubwa ni jeshi la mwili lililojazana: usaha, majimaji, chembe nyeupe kwa mamilioni. Mgonjwa wetu hana jeshi. Fangasi inakula pafu kimya kimya, na eksirei inabaki safi kwa sababu hakuna wa kupigana nayo.

Mwaka 1999 Heussel na wenzake wa Ujerumani walichapisha hesabu ambayo mpaka leo naitumia kumshawishi anayesita. Waliwapiga CT za vipande vyembamba wagonjwa 112 wasio na nyutrofili, jumla ya CT 188, na wengine wao walikuwa wamepandikizwa uloto. Wote walikuwa na homa iliyozidi saa 48 pamoja na antibayotiki, na wote eksirei zao zilikuwa za kawaida. Asilimia 60 ya CT hizo zilionyesha nimonia. Walipolinganisha na kutegemea eksirei peke yake, CT iliwatangulizia siku tano. Na kwa upande wa pili, kwa waliopandikizwa, CT iliyokuwa safi iliondoa uwezekano wa nimonia kwa asilimia 97. Hilo la mwisho nalipenda zaidi ya yote, maana CT safi nayo ni jibu. Daktari anaacha kulifukuzia pafu na anageukia mrija, utumbo, au dawa yenyewe.

Sasa gharama yake. CT ya kifua ya kawaida ni takriban milisiveti 5 hadi 7, na ukiipunguza dozi kwa makusudi inashuka hadi karibu moja na nusu. Kwa kulinganisha, dunia yenyewe, kwa udongo wake na anga lake, inampa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa kijana mwenye selimundu ambaye tunataka aishi miaka hamsini mingine, mionzi ni jambo la kweli, na ndiyo maana nasema iagizwe mara chache na kwa wakati wake. Ila kwa homa ya siku ya nne isiyosikia antibayotiki, mizani imeshainama. Saa 96 ndio mstari ambao miongozo mingi imeuweka: homa ikivuka hapo nyutrofili zikiwa chini, CT. Mgonjwa akiwa na kikohozi, maumivu ya kifua au damu kwenye makohozi, usisubiri hata hizo saa.

Eksirei ikiwa chafu nayo haikuondolei CT. Inakuambia kuna kitu, hakuna zaidi.

Duara linaloyeyuka

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaoota juu ya mkate uliolala na kwa ule unaotanda bondeni alfajiri. Kwenye CT maana hizo mbili hukutana. Ule weupe hafifu niliouona ukikizunguka kinundu, tunaouita alama ya halo, ni ukungu kwa sura na ni kazi ya ukungu kwa asili. Aspajilasi, fangasi inayovutwa na pumzi kutoka kwenye vumbi, mboji na kuta zenye unyevu, hupenya ukuta wa mshipa wa damu na kuuziba. Nyama ya pafu mbele ya mshipa ule inakufa, hicho ndicho kinundu. Pembezoni damu inavuja taratibu, na hiyo ndiyo halo. Kuhlman na wenzake waliieleza mwaka 1985 kwa wagonjwa wa lukemia, na tangu hapo imekuwa alama ya kwanza tunayoitafuta.

Kwa anayechagua siku ya kupiga picha, jambo kubwa ni kwamba halo haikai. Caillot na wenzake kule Dijon, Ufaransa, waliwafuatilia wagonjwa 25 wasio na nyutrofili waliokuwa na aspajilosisi ya mapafu, yaani ugonjwa unaoletwa na Aspajilasi, wakawapiga CT kwa kurudia rudia, wakachapisha mwaka 2001. Siku ya kwanza ya picha, halo ilikuwepo kwa wagonjwa 24 kati ya 25. Siku ya tatu imebaki kwa asilimia 68. Siku ya saba, asilimia 22. Siku ya 14, asilimia 19. Wakati huo huo alama nyingine ilikuwa inachomoza: hewa inajikata ndani ya kinundu kama mwezi mwandamo, hilali nyembamba upande mmoja. Hiyo siku ya saba ilikuwa kwa asilimia 28, na siku ya 14 kwa asilimia 63.

Soma hizo namba mbili mbili na uchaguzi unajieleza. Halo ni alama ya mapema, wakati dawa bado ina nafasi kubwa. Hilali huja pale nyutrofili zinaporudi na kuanza kuing'oa nyama iliyokufa. Kwa upande mmoja ni habari njema kwamba mwili umeamka, kwa upande mwingine ndipo mgonjwa anapoweza kukohoa damu nyingi kwa ghafla. Anayesubiri hilali ndipo aamini kuwa ni fangasi, amesubiri wiki ambayo mgonjwa hakuwa nayo. Mwaka 2007 Greene na wenzake walitazama wagonjwa 235 wa aspajilosisi: walioanza tiba halo ikiwa bado inaonekana, asilimia 71 walikuwa hai baada ya wiki 12, wasiokuwa na halo, asilimia 53.

Ila kuna mtego. Halo ni alama ya mtu asiye na nyutrofili. Yule wa msimu wa pili, mwenye steroidi na nyutrofili za kutosha, mara nyingi fangasi yake hupita kwenye njia za hewa badala ya mishipa. CT yake huonyesha mabaka kandokando ya mirija ya hewa, au vidoadoa vilivyoshikana kama tawi la mti lililoanza kuchipua. Ukimtafutia halo na usiione, usiandike "hakuna fangasi". Nimewahi kuandika hivyo zamani, na mgonjwa akarudi baada ya siku tisa na pafu lililotoboka. Tangu siku ile siisomi CT ya aliyepandikizwa kabla ya kuuliza hesabu ya nyutrofili.

CT na kipimo cha damu

Galaktomanani ni sehemu ya ganda la Aspajilasi inayomwagika kwenye damu fangasi inapokua. Kipimo ni damu kidogo tu: hakuna mionzi, hakuna kumtoa mgonjwa chumbani, na kinaweza kurudiwa mara mbili kwa wiki. Kikitoka chanya kwa mtu mwenye halo, mimi sina swali tena. Kwa mgonjwa asiye na nyutrofili ambaye bado hajaanza dawa ya ukungu, kinakamata takriban saba katika kumi.

Udhaifu wake uko sehemu tatu. Mgonjwa aliyekwisha kuanzishiwa dawa ya kinga dhidi ya ukungu, kama posakonazoli au varikonazoli, kipimo hupungua nguvu sana, na wengi wa waliopandikizwa kutoka kwa mtu mwingine wako kwenye dawa hizo. Kwa mwenye nyutrofili za kutosha pia hushuka. Na fangasi za jamii ya Mukori hazina galaktomanani kabisa, kwa hiyo kitatoka hasi na mgonjwa anaungua. Kuna ndugu yake, beta-glukani, kinachokamata kundi pana zaidi, pamoja na Kandida na Nyumosistisi, lakini nacho Mukori hakiioni, na chanya chake hakikuambii ni fangasi ipi.

Ukiwa na pesa ya kimoja tu siku ya leo, chagua CT. Damu inaweza kusubiri kesho au kusafirishwa, halo haisafirishwi. Ukiweza vyote, toa damu asubuhi mgonjwa akielekea CT, na usisubiri jibu la kimoja ndipo uagize kingine. Katika maabara nyingi za ukanda wetu galaktomanani haifanyiki kila siku, na jibu hurudi baada ya siku kadhaa, hivyo kuviweka kwenye foleni ni kujinyima ile siku ya kwanza.

CT na bronkoskopi

Hapa si mashindano, ni mfuatano. CT inaonyesha wapi na inakisia nani. Bronkoskopi inakwenda kumleta mwenyewe. Vigezo vya kimataifa vilivyohuishwa mwaka 2020 viko wazi juu ya hilo: mgonjwa mwenye kinga iliyoshuka na CT yenye sura ya fangasi, bila ushahidi wa maabara, ugonjwa wake unaitwa wa "kuwezekana" tu. Ukiongeza galaktomanani au kilichoota maabara, unakuwa wa "kuelekea hakika". Wa hakika kabisa unahitaji nyama iliyochomolewa na fangasi ionekane ndani yake.

Kwa aliyepandikizwa, kuchomoa nyama mara nyingi hakuwezekani. Chembe sahani, zinazogandisha damu, ziko chini, na sindano kwenye kinundu kinachovuja damu ni hatari iliyo wazi. Kuosha pafu kwa maji ya chumvi na kuyanyonya tena ni salama zaidi, na galaktomanani ikipimwa kwenye yale maji inafanya vizuri kuliko ya damu, hata pale fangasi inapokataa kuota maabara. Lakini mgonjwa lazima awe na pumzi ya kustahimili. Anayehitaji oksijeni nyingi anaweza kutoka pale moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kupumulia.

Ndiyo sababu nasisitiza CT itangulie. Mwenye bronkoskopi akija na picha, anajua aoshe sehemu ipi ya pafu. Bila picha anaosha kwa kubahatisha. Na CT ikiwa safi, mara nyingi safari yenyewe ya bronkoskopi inafutwa. Kitu kimoja tu: ukishaiona halo, dawa isisubiri bronkoskopi. Anza dawa leo, osha kesho asubuhi.

Aspajilasi au Mukori: chaguo linalobadilisha dawa

Sehemu hii ndiyo iliyo ngumu zaidi, na ndiyo inayomgharimu mgonjwa zaidi ikikosewa. Varikonazoli ni dawa nzuri sana kwa Aspajilasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha asilimia 70.8 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai wiki ya 12, dhidi ya asilimia 57.9 ya waliopewa amfoterisini B ya zamani. Lakini kwa Mukori varikonazoli haifanyi kitu. Mukori inahitaji amfoterisini B ya liposomu, ile iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, kwa dozi ya kutosha, na mara nyingi kisu cha daktari wa upasuaji. CT haiwezi kukuapia ni ipi kati ya hizo mbili, ila inaweza kukuelekeza.

Weka picha mbili kichwani. Ya kwanza: kiini kigumu cheupe, ukungu nje. Hiyo ni halo, na kwa mtu asiye na nyutrofili fikiria Aspajilasi kwanza, ingawa Mukori na fangasi nyingine huweza kuitoa pia. Ya pili ni kinyume chake: ukungu katikati, ukuta mnene umeuzunguka, wakati mwingine na nyuzi zilizosukwa ndani kiasi kwamba baadhi ya wataalamu huiita kiota cha ndege. Hiyo ni halo iliyogeuka. Ukiiona mapema kwa mgonjwa asiye na nyutrofili, fikiria Mukori hadi uthibitishiwe vingine.

Chamilos na wenzake wa Houston, Marekani, mwaka 2005 walitaja mambo mengine yanayoivuta mizani upande wa Mukori: vinundu kuzidi kumi, maji kwenye utando wa pafu, maambukizi ya sinasi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, yanayokwenda pamoja na ya pafu, na mgonjwa kuwa tayari kwenye kinga ya varikonazoli. Hili la mwisho lina mantiki nyepesi. Kama mlinzi wa mlango mmoja yuko macho, mwizi hupitia mlango mwingine.

Kwa hiyo mgonjwa ana halo iliyogeuka, galaktomanani imetoka hasi mara mbili, na shavu linamuuma. Mimi kwenye ripoti naandika neno Mukori kwa uwazi, siliachi lijifiche kwenye "maambukizi ya fangasi", na naomba CT ya sinasi siku hiyo hiyo. Kama picha ni ya katikati, haiegemei huku wala kule, amfoterisini ya liposomu inafunika zote mbili wakati ukweli unatafutwa. Bei yake ni kubwa na figo hulalamika, lakini kwa siku chache za mwanzo ni chaguo ninaloliheshimu.

Wengine wanaofanana nao

Huku kwetu huwezi kuisoma picha ya kifua bila kuitaja TB. Kwa aliyepandikizwa TB huja taratibu zaidi, mara nyingi sehemu ya juu ya pafu, na lile tawi lililochipua; tatizo ni kwamba aspajilosisi ya njia za hewa nayo ina tawi hilo hilo. Kwa hiyo maji ya bronkoskopi yapelekwe pia kwenye kipimo cha vinasaba vya TB, kila mara, bila kusubiri kuombwa.

Nyumosistisi ni ukungu mpana wa pande zote mbili bila vinundu, unaoachia ukingo wa nje wa pafu. Muulize mgonjwa kama aliacha kumeza kotrimoksazoli, dawa inayomkinga nayo. Virusi vya CMV huleta vinundu vidogo vidogo pamoja na ukungu, kwa kawaida baada ya uloto mpya kushika. Kandida kwenye pafu ni nadra. Hufika kwa njia ya damu na kusambaa kama punje za mtama.

Dawa ya kontrasti, na lini kurudia

Kwa kutafuta halo na vinundu, kontrasti, ile dawa inayochomwa mshipani ili mishipa ionekane, haihitajiki, na figo za mgonjwa aliye kwenye dawa hizi zote zitakushukuru. Kinachohitajika ni vipande vyembamba vya milimita moja hivi na pumzi iliyobanwa vizuri. Mgonjwa akipumua wakati wa picha, msukosuko wake unaweza kutengeneza ukungu usiokuwepo. Kontrasti iongezwe anapokohoa damu, au kinundu kimekaa jirani na mshipa mkubwa na daktari wa upasuaji anataka kujua kama mshipa umeliwa.

Kuhusu kurudia, subiri wiki mbili kama mgonjwa hajazidiwa. Wale wa Dijon waliona ujazo wa vidonda ukikua mara nne katika wiki ya kwanza hata kwa wagonjwa waliokuwa wanatibiwa, kisha ukatulia. Ukirudia siku ya saba utaona kinundu kimekuwa kikubwa, utashtuka, utabadilisha dawa iliyokuwa inafanya kazi. Nimeona familia ikilia kwenye korido kwa picha ya siku ya saba, wakati homa ya mgonjwa ilikuwa tayari imeshuka.

Kwenye fomu

Daktari mwenzangu wa wodini, fomu inayonifikia ikiwa na maneno "CT kifua, homa" inanifunga mikono. Yule kijana wa siku ya 12 fomu yake ilikuwa hivi, na ndiyo iliyonifanya niteremke hadi nyuma ya ini kwa jicho la kutafuta: "Upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu, siku ya 12. Nyutrofili chini ya 100, tangu siku tisa. Homa siku ya tano, antibayotiki mbili. Kinga ya flukonazoli tu. Hana steroidi. Eksirei ya jana safi. Galaktomanani imetolewa leo. Je, kuna halo?"

Flukonazoli haizuii Aspajilasi. Mstari ule mmoja ulinipa nusu ya jibu. Nilimpigia simu daktari wa wodini kabla hata ya kuandika ripoti, na varikonazoli ikaingia mshipani jioni ile ile. Mama alikuwa bado kwenye benchi la korido, uji haujaguswa. Nikamgeuzia skrini, nikamwonyesha kinundu na duara lake, na kivuli cha ini kilichokificha jana. Akalisogelea duara kwa kidole bila kuligusa. "Sasa nimeona," akasema.